Kabla hujashika koleo: kukagua kansa ya mdomo na kumsaidia mtu kuacha tumbaku, hatua kwa hatua

Mzee mmoja alikuja kwetu hapa Kisumu na jino la nyuma la chini linacheza, anataka litoke tu arudi Ahero kabla giza. Nikadunga ganzi, nikang'oa, dakika kumi na tano tumemalizana. Baada ya wiki tatu akarudi, shimo halijapona, nikaosha nikampa antibayotiki. Akarudi tena. Hiyo mara ya tatu ndio nilimwambia, jaduong' (mzee), hebu toa ulimi, nikaushika na gozi (kile kitambaa cheupe cha kufunga vidonda) nikauvuta kando, na hapo ubavuni nyuma kabisa, pahali ulimi unalalia ufizi, kulikuwa na kidonda kingo zimeinuka, ukikigusa ni kigumu kama gamba la mti, na yeye wala hasikii uchungu sana. Alikuwa anavuta na kunywa chang'aa tangu ujana, na mwenye hajawahi kumwuliza ni mimi. Lile jino halikuwa linacheza juu ya ufizi mbovu, lilikuwa linacheza juu ya kansa, na hicho kidonda kilikuwa hapo siku ya kwanza nikiwa nimeinama juu yake na koleo mkononi.

Tangu hiyo siku sishiki koleo kabla sijaona mdomo wote. Kuangalia mdomo mzima ni dakika tatu, ukizoea ni mbili. Hapa naandika vile mimi hufanya. Ni ya ma-COHO wenzangu (maofisa wa afya ya meno wa jamii), madaktari wa meno, klinikal ofisa na manesi wa dispensari zenye hazina daktari wa meno, na hata CHP (mhudumu wa afya wa jamii) anayetembea nyumba kwa nyumba anaweza kutumia sehemu kubwa ya hii. Kama wewe ni mtu wa kawaida tu unasoma juu una kidonda mdomoni, soma sehemu ya wiki mbili, alafu uende ukaonwe.

Nani aangaliwe

Jibu fupi, kila mtu mzima anayekalia kiti. Lakini kuna wale hufai kuwaachia kabisa: anayevuta, anayetumia ugoro (wa puani ama wa kuweka mdomoni), anayekunywa pombe sana, anayetafuna ile kitu yenye popoo ndani hata kama haina tumbaku, na mwenye aliwahi kuwa na kansa hapo juu ya mabega. Kuvuta na kunywa pamoja si hatari moja ongeza moja. Zinazidishana, pombe ni kama inafungulia sumu ya moshi mlango. Watu wanaoishi na HIV pia waangalie kwa makini, hasa kwenye kaakaa, juu kule ndiko kansa ya Kaposi hupenda kuonekana, doa la zambarau ama jekundu iliyokolea, bapa mwanzoni.

Kuna mtu atakuuliza kama hii kukagua inasaidia kweli ama ni kupotezea watu time. Kerala, India, walifanya utafiti mkubwa wa miaka mingi, matokeo yakachapishwa 2005, watu wakikaguliwa kwa macho tu na wahudumu waliofunzwa, hakuna mashine. Kwa wale wanaotumia tumbaku au pombe vifo vya kansa ya mdomo vilishuka karibu theluthi. Kwa wasiotumia tofauti haikuonekana wazi. Kwa hivyo kama foleni ni ndefu na lazima uchague utatumia dakika zako wapi, unajua ni wapi.

Anza na maswali, na uulize kwa lugha yao

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Ukiuliza mama wa miaka sitini "unavuta sigara?" atakwambia hapana, na hajakudanganya, juu yeye anatumia ugoro, na kwake ugoro si sigara, ni dawa ya kichwa. Ukiuliza kijana kama anavuta atasema hapana na ako na kile kipakiti cheupe cha nikotini chini ya mdomo wa juu saa hiyo hiyo mnaongea. Shisha ilipigwa marufuku Kenya Desemba 2017 lakini uliza tu. Kwa hivyo mimi huuliza hivi: "Kuna tumbaku ya aina yoyote unatumia, ya kuvuta, ya kunusa, ya kutafuna, ama ya kuweka kwa mdomo?" Upande wa Waluo nataja ndawa, tumbaku kwa Kiluo. Alafu nauliza anaiweka wapi hasa, kushoto ama kulia, juu ama chini, na hapo ndipo nitaenda kuangalia mara mbili.

Na kuna ile ya dani zetu (nyanya) ya kuvuta sigara upande wa moto ukiwa ndani ya mdomo. Kama umekulia huku umeiona, nyanya amekaa kwa mlango anachambua mboga, mdomo umefungwa, na unaona moshi unatoka bila kuona sigara. Wengine wanasema ni ndio upepo usizime, wengine ni heshima, mkwe asione. Sababu yoyote, ule moto unachoma kaakaa kila siku kwa miaka, na kuvuta namna hiyo kunajulikana kuleta kansa ya kaakaa, pahali ambapo mvutaji wa kawaida huwa hapati sana. Usipouliza "moto ndani ama nje?" huwezi jua. Uliza bila kucheka.

Maliza na haya: kuna kidonda hakiponi, sauti imebadilika, kumeza kunauma ama chakula kinakwama, sikio moja linauma na daktari wa masikio hakuona kitu, mdomo wa chini ama kidevu kimekufa ganzi, umepungua uzito.

Vitu unahitaji

Glavu, gozi mbili, kioo cha meno (spatula mbili za mbao zinatosha kama huna), na mwanga. Tochi ya kichwa ni poa kuliko ya simu juu inakuachia mikono yote miwili. Stima ikipotea, geuza kiti kiangalie dirisha. Meno ya bandia yatoke, yote, hata kama anaona aibu, mpe kitambaa ajifunike mdomo akiyatoa. Nimeona kidonda kikubwa chini ya sahani ya meno, na mwenyewe anaapa ni sahani inambana tu.

Kukagua penyewe

Fuata njia moja kila siku, usiruke ruke, ndio usisahau pahali. Yangu inaenda hivi.

Kwanza mtazame uso akiwa bado ameketi wima. Pande mbili zinalingana? Kuna uvimbe kwa taya? Midomo ina rangi sawa, kuna ganda lisilotoka? Alafu simama nyuma yake, mwambie ainamishe kichwa kidogo, na vidole vyako vipite chini ya taya, chini ya sikio, vishuke na ule msuli mrefu wa shingo mpaka mfupa wa mtulinga. Tezi laini inayouma na inayotembea chini ya kidole mara nyingi ni maambukizi, pengine ni hilo jino lenyewe. Tezi ngumu, haiumi, haitembei, hiyo inakutia wasiwasi. Watu hufikiria ni kinyume, ati isiyouma ni salama.

Sasa fungua. Geuza mdomo wa juu, geuza wa chini, ona ndani yake na ule mfereji kati yake na ufizi. Kwa wenye wanaweka ugoro ama vipakiti hapo ndipo utapata ngozi nyeupe imekunjamana kama kidole kilichokaa majini. Ingia shavuni, kulia alafu kushoto, vuta shavu mpaka nyuma ya gego la mwisho, usiache ile kona, inajificha. Pitia ufizi wote nje na ndani.

Alafu ulimi, na hapa usiharakishe. Mwambie autoe. Unaenda upande mmoja, ama unatetemeka? Funika ncha na gozi, shika kwa kidole gumba na cha kwanza, uvute mbele polepole na kando, huku kioo kikisukuma shavu upande ule mwingine. Unataka kuona ubavu wote mpaka nyuma kabisa pale unashikana na koo. Atataka kutapika, mwambie apumue na pua. Rudia upande wa pili. Mwambie aguse kaakaa na ncha ya ulimi ndio uone chini yake, mate yanajaa hapo kwa hivyo kausha na gozi kwanza, doa jekundu chini ya mate halionekani. Ubavu wa ulimi na chini ya ulimi ndipo kansa nyingi za mdomo huanzia, na ndipo sisi wa meno tunaangalia kidogo kuliko pote juu macho yako kwa gego.

Usitazame tu, gusa. Kidole kimoja chini ya ulimi, mkono mwingine nje chini ya kidevu, bonyeza katikati, usikie kama kuna kitu kigumu kama punje ya mahindi. Bonyeza na ubavu wa ulimi. Macho yanaweza kukosa kitu chenye kidole kitapata.

Mwisho kichwa nyuma, angalia kaakaa lote gumu na laini, mwambie aseme "aaa", kimio kinyanyuke, tonsili zote mbili uone moja isikuwe kubwa kuliko nyingine. Kansa za huko nyuma zingine zinaletwa na virusi vya HPV na mtu anaweza kuwa hajawahi kushika sigara, kwa hivyo usimalize haraka juu amesema havuti.

Vitu vya kawaida vyenye vitakushtua

Wiki ya kwanza nikianza kukagua kila mtu niliona kansa kila pahali, nikamtuma dada mmoja mpaka hospitali ya rufaa na ilikuwa ni maumbile yake. Alirudi akiwa amelia njia yote. Kwa hivyo jua haya.

Ufizi mweusi kwa watu weusi ni rangi, hauna shida, hata ukiwa na mabaka. Ndani ya shavu kunaweza kuwa na weupe kama utando wa maziwa, ukivuta shavu likanyooka unapotea, hiyo ni kawaida sana kwetu na huonekana zaidi kwa wanaovuta. Vidoa vidogo vya manjano kwa shavu ni mafuta tu. Mstari mweupe ndani ya shavu pale meno yanakutana ni wa kujiuma. Nundu ngumu katikati ya kaakaa ama ndani ya taya la chini ni mfupa. Nyuma ya ulimi juu kuna vifundo vimepangwa kama V, na ubavuni nyuma kuna mikunjo miekundu. Hiyo mikunjo ndiyo ilinidanganya na yule dada. Linganisha kulia na kushoto, ikiwa pande zote ni sawa mara nyingi ni maumbile. Ulimi wenye ramani inayohama hama hauna neno. Na wazee wa Kiluo wenye meno sita ya mbele chini hayako, hao walitolewa wakiwa vijana kwa mila, usianze kutafuta ugonjwa.

Weupe wenye ukifuta na gozi unatoka ni kuvu, itibu, alafu ujiulize kwa nini mtu mzima ana kuvu mdomoni: sukari? HIV? dawa ya pumu ya kuvuta na hasukutui?

Vitu vya kukutia wasiwasi, na sheria ya wiki mbili

Baka jeupe lisilofutika na huna maelezo yake, hiyo huitwa lukoplakia. Mengi hayageuki kansa lakini mengine hugeuka, na lenye limechanganyika na wekundu ama lina vinundu ni baya kuliko jeupe laini. Baka jekundu kama mahameli, lisilo na sababu, ni la kuogopa zaidi kuliko jeupe, usilipe hata nafasi ya kusubiri. Kidonda chenye msingi mgumu. Uvimbe unaokua. Jino moja linacheza na ufizi mwingine wote uko sawa. Shimo la jino halijazi. Mdomo unaanza kukataa kufunguka, hasa kwa anayetafuna popoo.

Sasa wiki mbili. Ukipata kidonda na kuna sababu unaiona, jino lenye ncha kali, sahani ya meno inabana, alijiuma, toa sababu. Saga hiyo ncha, sahani ikae nje. Andika tarehe, pahali, urefu kwa milimita, rangi, kigumu ama laini, na akikubali piga picha na simu huku ukiweka kirula kando. Mpe siku 14 kwa tarehe kamili si "rudi baadaye". Kidonda cha kawaida cha mdomo hupona ndani ya hizo siku. Kikiwa bado kipo, hakuna antibayotiki, hakuna dawa ya kusukutua, hakuna kungoja tena, ni baiopsi (kukata kipande kidogo kipimwe maabara) ama rifaro (kumtuma hospitali kubwa). Tunauana na antibayotiki raundi ya pili. Mzee wangu nilimpa na nikahesabu kama kazi nimefanya.

Uchungu usikuongoze. Kansa ya mdomo mwanzoni haiumi, ikifika kuuma mara nyingi imeshaingia ndani. Mgonjwa anakwambia "lakini daktari hainisumbui". Hiyo isikutulize hata kidogo.

Kwa mtoto mambo ni tofauti. Huku kanda ya ziwa, pahali malaria ni ya kila mwaka, mtoto wa miaka kama mitano mpaka kumi akija taya limefura na magego yanacheza bila kuoza, fikiria Burkitt, ule uvimbe wa kansa daktari Denis Burkitt alieleza akiwa Uganda 1958. Unakua haraka sana, unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja mbili. Usimng'oe meno umrudishe nyumbani, mpeleke leo leo. Na unasikia dawa vizuri ukiwahiwa.

Baiopsi na rifaro

Kama umefunzwa kuchukua baiopsi na baka ni dogo, chukua kipande cha ukingo, pamoja na ngozi nzima kidogo ya kando, si katikati pale pamekufa. Ganzi idungwe kando, si ndani ya kipande chenyewe. Usikifinye na koleo kikapondeka. Kitu cha zambarau kinachodunda usikikate kabisa. Weka kwa formalini ya asilimia 10, hiyo formalini iwe angalau mara kumi ya kipande, andika jina kwa chupa si kwa kifuniko. Nimeona kipande kimeletwa ndani ya spiriti ya jeraha, maabara haikuweza kusoma kitu. Lakini kama kinaonekana wazi ni kansa, mimi husema usikate, mpigie simu huyo daktari bingwa mwenye atamtibu, wengi wanataka wakione kikiwa kizima.

Hapa Kisumu rifaro inaenda hospitali ya Jaramogi, ile wazee bado wanaita Russia. Nakuru ni pale PGH, iliyokuwa hospitali kuu ya mkoa, ukitaja jina jipya boda atakuuliza ni wapi. Upande wa Eldoret ni Moi. Barua iandike vizuri: kidonda kiko wapi, kikubwa kiasi gani, tangu lini, tezi za shingo zikoje, anatumia tumbaku gani na miaka mingapi. Andika HARAKA juu kabisa. Alafu mpigie simu mtu wa huko ndani kama unamjua, tusidanganyane, barua peke yake hukaa kwa bahasha. Angalia SHA yake (bima ya afya ya serikali) inafanya kazi kabla hajapanda matatu. Na muulize nauli. Wengi hupotelea hapo, si kwa woga, ni nauli.

Kuna uongo mmoja utausikia kila wiki, ati kansa ikiguswa na kisu inasambaa, "jirani alikatwa kidogo akaisha". Mweleze hivi: jirani alichelewa, alipokatwa ilikuwa tayari imesambaa. Bila kile kipande hakuna mtu anaweza kusema ni kansa ama si kansa, na bila jina hakuna dawa. Usimwambie "ni kansa" kabla maabara haijasema, na pia usimwambie "si kitu". Mimi husema, "Hapa kuna kitu sikielewi na sitaki tukibahatishe."

Sasa tumbaku

Hata ukipata mdomo safi, hapa ndipo kazi imebaki. Si hotuba. Watu wanajua fegi ni mbaya, imeandikwa kwa pakiti na picha juu. Chenye hawajui ni kile kiko kwa mdomo wao, na wewe ndiye unakiona. Mpe kioo cha mkono. Mwonyeshe ufizi umeshuka wapi, ile rangi ya chai kwa meno, kaakaa jeupe lenye vidoa vyekundu kutokana na joto la moshi. Mwambie kitu chenye huwashangaza wote: ufizi wa mvutaji hutoa damu kidogo kuliko ilivyo, juu nikotini inabana mishipa, kwa hivyo ugonjwa unaendelea kimya. Akiacha, wiki za kwanza anaweza kuona damu akipiga mswaki na akadhani kuacha ndio kumemharibu, mwonye mapema.

Alafu sema wazi, mara moja, kwa heshima: "Mzee, kitu kikubwa unaweza kufanyia huu mdomo ni kuacha, na mimi niko tayari tukafanye pamoja." Nyamaza. Ngoja ajibu.

Akisema hayuko tayari, usibishane. Muulize fegi humpa nini na humchukulia nini, mwambie utamwuliza tena, na kweli umwulize siku akirudi. Na mkulima wa tumbaku kutoka Kuria ama Teso usimkemee, hiyo ndiyo school fees yake. Kuna wenzake Migori walihamia maharagwe kwa ule mradi wa mashirika ya UN, WHO, FAO na WFP, mtajie tu ajue inawezekana. Na majani mabichi yakiwa na umande, avae glavu, nikotini inaingia kwa ngozi, ile kizunguzungu na kutapika msimu wa kuvuna inatoka huko.

Akisema yuko tayari, uliza swali moja la maana: fegi ya kwanza ni saa ngapi baada ya kuamka? Akisema ndani ya nusu saa, amefungwa sana, na nguvu ya kusema "acha tu" haitamtosha. Huyu asaidiwe na dawa. Kuna chingamu ya nikotini na plasta ya nikotini ya kubandika kwa ngozi, kemisti kubwa za mjini wengine huweka, piga simu kabla hujamtuma. Chingamu ya miligramu 4 ni ya huyu wa nusu saa, ya 2 ni ya mwingine. Na usimwachie atafune kama PK, itamuunguza tumbo na ataitupa. Anatafuna polepole mpaka asikie ukali kama wa pilipili, anaegesha kati ya shavu na ufizi mpaka ukali uishe, anatafuna tena, hivyo hivyo nusu saa. Dakika kumi na tano kabla yake hakuna soda wala kahawa, zinazuia isiingie. Mwenye sahani ya meno mpe plasta, chingamu itamng'ang'ania. Anayevuta zaidi ya 10 kwa siku huanza na plasta ya miligramu 21, alafu 14, alafu 7, kwa kama wiki kumi hivi. Mjamzito ama mwenye amepata shida ya moyo karibuni aone daktari kwanza.

Bila pesa ya dawa bado kuna njia. Tafuteni tarehe ndani ya wiki mbili, aiandike kwa kalenda ya ukutani ya nyumbani. Aorodheshe saa zake mbaya: baada ya chai, akingoja abiria stage, Jumamosi kwa busaa, na kwa wanaokula veve (miraa), hiyo na fegi zinafuatana kama mkokoteni na punda. Kwa kila saa awe na kitu cha kuweka mdomoni ama mkononi, njugu, karoti, mswaki wa mti, maji baridi. Ile hamu kali hupita ndani ya dakika chache hata asipovuta, avute tu pumzi na angoje. Pombe aipunguze wiki za mwanzo, wengi huanguka kwa glasi. Kiosk yake ya kununua moja moja aizunguke, na kwa sheria ya 2007 kuuza moja moja hakufai hata. Akiteleza fegi moja, haijakuwa kurudi, aendelee kesho yake. Laini ya NACADA (wakala wa serikali wa kupambana na pombe na dawa za kulevya) ni 1192, haikatwi pesa.

Mwambie na faida kwa miezi na miaka, si "utaishi sana". Shimo litapona vizuri. Ladha itarudi ndani ya siku chache. Hatari ya kansa ya mdomo inashuka karibu nusu kati ya miaka 5 na 10.

Ujanja wangu wa koleo

Hii sijafundishwa shuleni, niliigundua kwa kazi. Mtu akitolewa jino tunamkataza kuvuta siku tatu, juu moshi na kule kunyonya huondoa ile damu iliyoganda na shimo linabaki kavu, na uchungu wa shimo kavu ni kitu hutaki kumwombea hata adui. Sasa angalia: siku mbili tatu za kwanza ndizo ngumu kuliko zote kwa anayeacha, hasira, usingizi unakataa, kichwa. Baadaye inaanza kulegea, ingawa huvuta wiki mbili mpaka nne. Kwa hivyo huyu mgonjwa wangu wa jino tayari amebanwa apite ile sehemu mbaya zaidi na sababu yake ni shimo, si mimi. Simwambii "acha maisha". Namwambia "nipe hizi tatu", na naandika namba yake kwenye kitabu changu kidogo chenye kimefungwa na raba.

Siku ya tatu jioni napiga. Nauliza shimo kwanza, alafu nauliza, "Umevuta?" Kama hajavuta namwambia hiyo ndiyo ilikuwa milima, sasa ni mteremko, tuongeze wiki? Wengi husema sawa, juu hawataki kupoteza tatu zenye wameshalipia. Wengine wananidanganya na nasikia kiberiti nyuma. Nawapigia tena siku ya saba na mwezi ukiisha, na tarehe ya siku 14 kama kulikuwa na kidonda. Mama wa sokoni mpigie usiku akishafunga. Mvuvi wa omena usimpigie jioni kabisa, amelala mpaka saa nane mchana na giza likiingia ako ziwani, simu ameacha kwa bibi.